Nyumba Tuliyoijenga kwa Makochi

Nilikwenda kwa wakili huku moyoni naomba aniambie haiwezekani. Niliomba njia nzima. Ee Mungu, nifungie huu mlango. Mfanye huyu mama wakili aseme ni ghali mno, au ni mbali mno, au kuna karatasi haipo, ili nirudi nyumbani niseme nilijaribu ikashindikana.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Kiti alichonionyesha nilikikagua kabla sijakikalia, ndiyo kawaida yangu, nikaona mshono wa nyuma umefumuka na sponji imelala upande mmoja. Nikakaa pembeni mwa shimo.

"Kiti kinakusumbua?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni macho yangu tu. Nashona makochi."

Akacheka. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa na mafaili hadi sakafuni, na katikati ya mafaili hayo kikombe cha chai kilichopoa.

"Haya, mshona makochi. Nani anamwacha nani?"

Swali lile lilinikuta sijajiandaa. Nilikuwa nimepanga maneno mengine kabisa. "Yeye ameshaondoka," nikasema. "Anaishi kwa mwanamke mwingine tangu kabla ya mvua. Mimi bado nipo nyumbani."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka kujua inagharimu kiasi gani, inachukua muda gani, na mwisho wake nani anabaki na nini."

Akavaa miwani ili anione vizuri. "Wengi wakikaa hapo wanaanza kulia. Wewe umekuja na maswali ya sokoni. Nimekupenda. Sasa sikiliza, nitakueleza kama ninavyomweleza mdogo wangu. Hamtakimbilia kwa hakimu. Kwanza mtaitwa na wapatanishi, mkae, muulizwe kama kuna kinachoweza kuokolewa. Wakiona hakuna, wataandika hivyo, ndipo tunafungua shauri. Mume anapelekewa wito, anajibu. Kama mmeshakubaliana kila kitu, mtoto anakaa na nani, matunzo yake yanatoka wapi, mali inakwenda wapi, basi hakimu anasoma, anauliza maswali mawili matatu, na baada ya miezi michache mmemaliza. Lakini kama mnagombania hata kijiko, weka mwaka. Weka miwili. Nina mteja alianza kesi na nywele nyeusi, sasa hivi namwita bibi."

"Na gharama?"

"Gharama inafuatana na muda. Ada ya kufungua si kubwa. Mimi nalipwa kadiri ninavyopanda ngazi za mahakama. Na mkigombania nyumba lazima aje mthamini aipime, naye haji kwa maombi."

Akanitajia viwango. Mimi kichwani nikawa navigeuza kuwa makochi, maana ndivyo ninavyojua kuhesabu. Njia fupi ilikuwa seti moja nzima na stuli zake. Njia ndefu ilikuwa kushona hadi vidole viote sugu, na bado kukopa.

"Na mali?"

"Mlichochuma pamoja ndani ya ndoa ndicho kinachoangaliwa. Usije na wazo kwamba ni nusu kwa nusu kama mkate. Hakimu anaangalia nani alitia nini, iwe pesa, iwe jasho. Kupika, kulea, kufua, hayo yote ni jasho, asikudanganye mtu. Haya, mna nini?"

"Vifaa vya karakana. Cherehani mbili, moja nzima, moja mgonjwa. Na nyumba."

"Nyumba ina jina la nani?"

Nikatazama dirishani. "La mama mkwe."

Akavua miwani tena. "Alijenga yeye?"

"Tulijenga sisi."

"Sasa jina lake lilifikaje huko?"

"Mimi ndiye niliyelipeleka."

Hapo ikabidi nimsimulie, na wewe msomaji nikusimulie pia, maana bila hili hutaelewa kilichonipata.

Mume wangu watu wote wanamwita Shibiri. Hajawahi kutumia futi kamba maishani mwake. Anapima kwa kiganja, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, na fremu ya kochi inatoka mikononi mwake imenyooka kama mstari wa daftari. Tulipoanza kufanya kazi pamoja alikamata mkono wangu akauweka juu ya wake, akasema, "Shibiri yangu ni yako na vidole viwili. Ukikumbuka hilo, hutanipotea." Tangu siku hiyo nilikuwa nakata kitambaa kabla hata yeye hajapiga msumari. Yeye yuko uani na mbao, mimi niko ndani na mkasi, na tukikutana kitambaa kinaingia kwenye fremu kama mkono kwenye mfuko. Wateja walikuwa wanakuja kutazama tu. Ndivyo nilivyompenda. Sikupendezwa kwanza na sura yake, ingawa sura anayo. Nilipenda kwamba tuliweza kukaa kimya asubuhi nzima, na mchana kitu kikatoshana.

Mama yake hakunitaka. "Mwanamke anayeishi na mkasi mkononi," alimwambia mwanawe nikiwa nasikia, "siku moja atakata, na kipande kikubwa kitabaki kwake." Siku ya ndoa yetu alikaa ameelekea ukutani, na kila aliyekwenda kumpa mkono alimpa ubavu.

Kwa hiyo tulipopata kiwanja, nikamwambia Shibiri: tuandike jina la mama. Aone kwamba sikuja kuchukua. Shibiri aliniangalia muda mrefu, kisha akanivuta, akaweka kidevu chake juu ya kichwa changu, vumbi la mbao likanijaa nywele. "Wewe ni mtu wa namna gani?" akasema. Na mama, tulipompelekea ile hati, alilia. Akaniita mwanangu. Ilikuwa mara ya kwanza. Kwa neno lile, Mungu anajua, ningempa hata nyumba mbili.

Wakili alinisikiliza bila kuandika chochote. "Risiti?" akauliza. "Matofali, mabati, mwashi?"

"Hatuna. Hatukulipa kwa pesa."

"Mlilipa kwa nini?"

"Kwa makochi."

Akanikodolea macho.

"Aliyetuuzia kiwanja alichukua kitanda na kabati la milango mitatu," nikasema. "Mwashi alichukua kochi la watu watatu na mawili ya mtu mmoja mmoja. Mwenye mabati alikuwa anamwoza binti yake, tukampa seti nzima na mito. Yule wa mchanga alitaka kiti cha mama yake, kile cha kuegemea."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kamba ya miwani. "Nimeona nyumba za mkopo, nimeona nyumba za wizi. Ya makochi ndiyo ya kwanza. Na hao watu bado wapo?"

"Wapo. Wameyakalia mpaka leo."

"Basi hao ndio risiti zako. Lakini, mdogo wangu, kumwinua mtu kwenye kochi lake aje asimame mbele ya hakimu ni kazi, na wengine watakwambia hawakumbuki. Kuna njia nyepesi. Mama mkwe wako anasemaje?"

"Naishi naye. Mimi ndiye ninayemkanda goti."

"Basi nenda kamwombe. Mkae wote watatu. Akikubali kwamba nyumba ni yenu, kwamba jina ni jina tu, nitaandika makubaliano ya ukurasa mmoja na mtapita njia fupi. Akikataa, nipigie simu hapo hapo, kabla hujapoa."

Niliteremka ngazi nikiwa mwepesi. Mlango nilioomba ufungwe haukufungwa, lakini nilijiambia, mama hawezi kunikana. Mimi ndiye ninayemwogesha goti likivimba. Mimi ndiye ninayejua anataka uji wake uwe mwepesi kiasi gani. Mwanawe alipoondoka na begi, yule mama alikaa na mimi jikoni akasema, "Ameniaibisha. Wewe hutoki hapa." Neno hilo nililiweka kifuani kama hirizi.

*

Shibiri alikuja Jumamosi baada ya kazi. Aligonga mlango. Mlango ambao aliupiga randa mwenyewe, akaukalisha mwenyewe kwenye bawaba, leo anaugonga kama mtu wa kukusanya bili ya maji.

Nilifungua. Alikuwa amepungua. Shati lilikuwa limepigwa pasi na mikono ya shati ilikuwa na mkunjo mkali juu hadi chini, mkunjo ambao mimi sikuwahi kumwekea, kwa sababu haupendi. Niliutazama ule mkunjo kuliko nilivyomtazama usoni.

"Hujambo?"

"Sijambo. Karibu."

"Mama yupo?"

"Anavaa. Amesikia unakuja, ametafuta kitenge kizuri."

Akaingia karakana, chumba cha mbele, akasimama katikati kama mtu aliyesahau alichofuata. "Binti yangu yuko wapi?"

"Kwa dada yangu. Sikutaka asikie."

Akatikisa kichwa kukubali. Pembeni kulikuwa na fremu ya kochi la watu wawili, haijavalishwa. Macho yake yakaenda pale, na kabla hajajua anafanya nini mkono wake ukawa umeshafunguka juu ya mbao. Gumba, kidole cha mwisho. Gumba, kidole cha mwisho.

"Nani katengeneza hii?"

"Seremala wa ng'ambo ya barabara."

"Imepinda."

"Najua."

"Kitambaa kitakaa?"

"Hakikai. Nimefumua mara mbili. Bega moja linakaza, jingine linaning'inia kama soksi."

Akacheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa muda mrefu hatujacheka kitu kimoja. Akainama kutazama mguu wa nyuma wa fremu, na shingo yake ikawa karibu na mkono wangu, ile sehemu chini ya sikio ambapo ana kovu la kipande cha mbao. Mimi ndiye niliyekitoa, kwa sindano. Nilikunja vidole nikaviweka nyuma yangu.

"Na wewe huko," nikauliza, "nani anakushonea?"

Yule mwanamke ana duka la fanicha, kubwa, la vioo. Alikuja kwetu kwanza kama mteja, akataka makochi ya kijivu. Akarudi kutaka mengine. Mwisho akamtaka mtengenezaji.

"Hakuna kushona," Shibiri akasema. "Vinakuja vimeshavalishwa kutoka kiwandani, vipande vipande kwenye maboksi. Mimi nakaza skrubu."

"Shibiri anakaza skrubu?"

"Usinicheke."

"Sikucheki."

Na kweli sikumcheka. Aliweka kiganja juu ya kitambaa kilichokuwa mezani, kile cha rangi ya kutu, akakilaza taratibu kama anavyofanya mtu na mgongo wa mtoto. Mkono wangu ulikuwa pale pale, upande wa pili wa mkasi. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake inaingia ikakwama.

"Mshonaji," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita tukiwa wawili. "Kama ningesema..."

"Sema."

Nitakueleza ukweli mbele ya Mungu. Kama angesema nirudishe, ningemrudisha. Hata na ule mkunjo wa shati. Ningemrudisha na aibu yake yote, watu wakanicheka barabarani, dada yangu akasusa kunisalimu. Nilikuwa nimeshatengeneza jibu mdomoni.

Fimbo ya mama ikasikika ukumbini. Shibiri akaondoa mkono.

Mama aliingia kwa kitenge chake kizuri, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka fimbo katikati ya magoti. Hakumwangalia mwanawe. "Haya," akasema, "mmeniita. Nimekuja."

"Mama," nikaanza, "nilikwenda kwa wakili."

"Nimesikia. Watu wanaona mtu akipanda ngazi."

"Sikuenda kwa ubaya. Nilikwenda kuuliza. Anasema tukikubaliana wenyewe haitachukua muda, na hatutamaliza pesa mahakamani. Vifaa tunaweza kugawana hapa hapa. Mtoto tutaelewana. Limebaki la nyumba." Nikapiga magoti mbele yake. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo nilivyozoea kukaa nikimkanda, wala sikuwa najishusha. "Wewe unajua nyumba hii ilijengwaje. Nakuomba useme tu kwamba jina ni lako lakini jasho ni letu. Wakili ataandika, utaweka kidole, basi."

"Hati inasemaje?"

"Hati ina jina lako, mama."

"Basi."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mama?"

"Mwanangu alinijengea nyumba," akasema, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. "Watoto wa watu wanawajengea mama zao. Kuna ajabu gani hapo?"

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mke wake, ulimsaidia. Ulifanya vizuri. Mungu atakulipa."

"Mama, Mungu mwachie yake. Hili nakuuliza wewe."

"Usiniinulie sauti."

"Sijainua." Na sikuwa nimeinua. Sauti yangu ilikuwa imeshuka mpaka mimi mwenyewe sikuisikia. "Seti ya mwenye mabati niliishona nikiwa na mimba ya miezi minane. Ulikuwa unanishikia kitambaa. Wewe mwenyewe ulinishikia, ukaniambia nisiiname sana."

Macho yake yaliteleza pembeni. Hapo nikajua anakumbuka kila kitu. Na nikajua haitasaidia.

"Mkigawana, nyumba itauzwa," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na woga ndani. "Ndivyo inavyokuwa. Wewe utachukua chako, yeye chake. Mimi nakwenda wapi na goti hili? Kwa yule? Yule siku niliyokwenda kumtembelea mwanangu aliniacha nimekaa kwenye kochi lenye nailoni. Nailoni, mwanangu! Hakuitoa, eti nisichafue. Chai yenyewe sikuiona."

"Mama, siuzi. Tutakaa hapa, mimi na wewe na mjukuu wako, kama tunavyokaa."

"Leo unasema hivyo. Kesho utaolewa."

"Niolewe na nani, na mikono hii?"

"Mwanamke haishiwi na wa kumwoa." Akagonga fimbo chini. "Nyumba ni yangu. Na wewe sikufukuzi. Kaa mpaka utakapopata pa kwenda."

Sikufukuzi. Nilisimama. Magoti yangu yalikuwa na vumbi la mbao nikalikung'uta, nikachukua muda kulikung'uta, kwa sababu sikutaka wanione uso. Kisha nikamgeukia mume wangu.

Alikuwa ameegemea ile fremu iliyopinda.

"Shibiri."

"Naam."

"Mwashi alilipwa nini?"

Akatazama viganja vyake.

"Nimekuuliza. Mwashi alilipwa nini?"

"Mama ameshasema."

"Mama ameulizwa akasema. Sasa ni zamu yako. Nakuuliza wewe."

"Unataka nisimame mbele ya watu nimwite mama yangu mwongo?"

"Watu gani? Tupo watatu humu, na Mungu. Yeye anajua jibu, wala hahitaji umwambie. Niambie mimi."

Nilimtazama. Nilimtazama kama nilivyokuwa nikimtazama zamani akiwa uani, mkono ukitembea juu ya mbao, mimi dirishani nahesabu naye kimoyomoyo bila kuambiwa. Nilikuwa nangoja afungue mdomo. Hata neno moja. Makochi. Lingetosha. Nyumba wangebaki nayo, ningefunga virago vyangu siku ile ile nikiwa na hilo neno, na ningemsamehe duka na vioo vyake.

"Tumalize bila kelele," akasema. "Cherehani zote chukua. Mbao, stepla, kila kitu. Mimi sitaki hata nyundo."

"Hata nyundo?"

"Hata nyundo."

"Sawa. Skrubu hazihitaji nyundo."

Ilimpiga. Niliona inampiga, usoni, masikio yakabadilika rangi. Sikuona raha yoyote, lakini sikuomba radhi pia. Kilichokuwa kimebaki kati yetu, kile nilichokuwa nimekibeba mpaka ngazi za wakili nikiomba kisivunjike, kilianguka pale miguuni petu kati ya vipande vya sponji, na hakuna aliyeinama kukiokota.

Nikatoa simu.

"Vipi, mshona makochi?" wakili akaitika. Alikuwa anatafuna.

"Amekataa."

"Na mume?"

"Mume amekubaliana na kukataa."

Akameza. "Unajua maana yake. Muda na pesa. Na nikwambie mapema, usije ukanilaumu. Huenda usipate nusu. Huenda ukapata kipande, au hakimu akasema ushahidi hautoshi na usipate kitu kabisa."

"Najua. Fungua."

"Umepoa au bado una moto?"

"Nimepoa, mama. Nimepoa kabisa. Fungua."

"Mashahidi?"

"Naanza na mwashi. Anakaa karibu. Kochi lake lina mguu mbovu, nitakwenda kumtengenezea na kumwuliza."

Nilipokata simu Shibiri alikuwa ananitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Unanipeleka mahakamani?"

"Kwa wapatanishi kwanza. Ndivyo inavyoanza."

"Wewe! Mwaka mzima? Miwili? Utamaliza pesa."

"Nitashona."

"Fremu atakutengenezea nani?"

"Huyo huyo anayepinda. Nitafumua."

Mama akagonga fimbo chini, akasema, "Si nilisema? Si nilikwambia mapema, mwanamke wa mkasi?"

Shibiri alikwenda mlangoni. Aliweka mkono kwenye fremu ya mlango, akasita, na mabega yake yakapanda kidogo kama mtu anayetaka kugeuka. Lile neno lake, kama ningesema, lilikuwa bado linaelea humo ndani, nusu yake. Nilingoja. Usinicheke, msomaji. Hata baada ya yote hayo, nilingoja. Kisha akapandisha mikono ya shati, mkunjo ukapotea, akatoka. Nilisikia viatu vyake vikikwaruza changarawe mpaka barabarani, halafu nikasikia sauti za watu wengine tu.

Nilikaa kwenye cherehani. Sikulia. Nilichukua lile bega lililokuwa linaning'inia nikaanza kufumua, uzi baada ya uzi, kwa ncha ya wembe. Mama alibaki kwenye kiti chake. Jua likatoka dirishani likaenda nyumba ya jirani. Mara moja alikohoa, nikanyoosha mkono kutafuta maji yake kwa mazoea, nikaurudisha.

"Mwanangu," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa ile ile ya kila jioni, haina hasira wala haina aibu, ya mtu aliye nyumbani kwake. "Leo tunakula nini?"

Niliinua macho. Alikuwa ananitazama kwa uso mtupu kabisa, mwanamke mzee mwenye njaa, goti limenyooshwa mbele. Nilikuwa na majibu mengi. Mengine yangeniwasha ulimi mpaka kaburini.

"Unga uko kwenye ndoo, mama," nikasema. "Na jiko unalijua lilipo. Ni lako."

Alikaa kidogo, kama anangoja niinuke kwa vyovyote, kama siku zote. Sikuinuka. Nikasikia fimbo inatafuta sakafu, pumzi inavutwa kwa nguvu, kiti kinalia. Alikwenda polepole, akishika ukuta. Kutoka jikoni nikasikia mfuniko ukianguka, kisha kabati likifunguliwa na kufungwa, na kufunguliwa tena, akitafuta kiberiti ambacho mimi peke yangu ndiye niliyejua kinakaa wapi.

Ee Mungu, nisamehe. Nikakanyaga cherehani ili nisisikie.